Kabla Hujaifunga Karavani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Mama, shikamoo, maana najua ni wewe unayesoma na Baba anasikiliza, kikombe cha kahawa mkononi, kama ilivyo desturi yenu kila barua yangu ifikapo.

Katika barua zote nilizowahi kuwaandikia nimeanza kwa kusema kuwa mimi ni mzima na hofu ni juu yenu. Niliandika hivyo kwa mazoea, mkono ukienda wenyewe. Leo maneno hayo nayaandika nikiyamaanisha. Mimi ni mzima wa afya, huku Perth baridi imeingia na asubuhi vidole vinakufa ganzi, lakini tangu Jumapili hofu niliyo nayo juu yenu imenikosesha raha ya kula. Mama, nyonga inasemaje? Bado wainuka kwa kushika ukuta? Na mama mkubwa Bi Fatuma huko Vanga, ameanza kula chochote? Rukia aliniambia kuwa sasa anakunywa uji tu, na kwamba kila anayeingia chumbani humwuliza kama mdogo wake amefika. Namwombea kila sala. Najua ndiyo sababu ya haraka yote hii, na sisemi msiende. Mwende, tena upesi. Neno langu ni juu ya namna ya kwenda.

Baba, Jumapili ile nilipokupigia simu ulinisikiliza kidogo, kisha ukasema, "Wewe umekwenda huko kuosha matrela, leo wanifunza mimi kuendesha gari?" Ukaongeza kuwa maneno ya simu huchukuliwa na upepo, kama nina neno la maana niliandike, kisha ukakata. Haya, nimeandika. Binamu Salma anapanda ndege kesho na barua hii, na Jumatano atakuwa Malindi, inshallah. Nimemwapisha asipitie kwa mtu kabla ya kufika kwenu, kwa sababu Rukia ameniambia safari ni Ijumaa baada ya sala.

Nimeziona picha. Karavani ni nzuri, nyumba nzima juu ya magurudumu, sikatai. Nyeupe, ina mstari wa buluu ubavuni, madirisha yana mapazia, na wewe umesimama kando yake umeiwekea mkono, vile ulivyokuwa ukisimama kando ya lori lako ukitoka safari. Nilifurahi kukuona hivyo, maana tangu ustaafu sijaiona picha yako ukicheka. Halafu nikasikiliza sauti aliyonitumia Rukia kwa simu. Alisema yule Mwitaliano wa Shella anarudi kwao na ameiacha kwa bei ya kutupa. Alisema, "Dada, Baba ameitoa mchangani kwa gia ya kwanza, wala gari halikulalamika. Fundi Karisa anachomelea chuma cha kuifungia. Mama atalala humo humo njia nzima, nyonga isimsumbue."

Neno hilo la mwisho nililirudia mara nne.

Nianze na jambo ambalo hamlijui. Ni kweli nilikuja hapa nikaajiriwa kuosha trela. Uwanja wetu unauza na kukodisha karavani, na watu wa nchi hii wakistaafu hufunga nyumba zao, wakafunga karavani nyuma ya gari, wakaondoka miezi. Lakini mwaka wa pili nilitolewa kwenye sabuni nikawekwa kwenye mizani. Tangu hapo kazi yangu ni moja: mtu anakuja na gari lake, anaipenda karavani fulani, na mimi ndiye wa kumwambia kama gari lake linaiweza au haliiwezi. Sikuwaambia kwa sababu niliona ni kujisifu. Pengine ningewaambia, ungenisikiliza Jumapili.

Na elimu hiyo, Baba, mwalimu wangu wa kwanza ni wewe. Unakumbuka likizo ile uliponipakia kwenye lori hadi Mariakani? Tulipanga foleni ya mizani, nami nikakuuliza kwa nini wanapima na lori linakwenda vizuri tu. Ukaniambia, "Mwanangu, kwenda kila gari huenda. Gari ni kusimama." Neno hilo nimewaambia wageni wengi kwa Kiingereza, na kila nikilisema naisikia sauti yako. Ndiyo maana nashangaa. Mtu aliyenifunza hivyo leo anaisifu karavani kwa kuwa imevutika mchangani.

Najua utakalosema. Utasema umevuta tani ishirini na nane kutoka bandarini hadi bara na hukuangusha hata gunia. Ni kweli, na hakuna anayekufikia. Lakini lile lilikuwa lori, Baba. Kichwa chake kilijengwa kuvuta, na kila gurudumu la trela lilikuwa na breki yake ya upepo. Hili ni gari letu jeupe la viti saba, lililojengwa kupeleka watoto shule. Mtoto mdogo aweza kumwongoza ng'ombe kwa kamba kutoka Mambrui hadi mjini, na watu wakamsifu. Anamwongoza kwa sababu ng'ombe amekubali. Siku ng'ombe akitaka njia yake, mtoto ndiye atakayeburutwa.

Nilimwomba Rukia apige picha kile kibati kilicho kando ya mlango wa karavani. Kimeandikwa Kitaliano lakini namba ni namba. Ikiwa tupu ina kilo elfu moja mia moja na themanini. Ikijazwa hadi kikomo chake ni elfu moja na mia sita. Kitabu cha gari letu ni cha Kijapani na tangu lishushwe bandarini hakuna aliyekifungua, kwa hivyo nilitafuta huku gari kama hilo hilo nikasoma. Linaruhusiwa kuvuta kilo elfu moja, nayo ni kwa sharti kwamba trela iwe na breki zake zinazofanya kazi. Bila breki, mia nne na hamsini. Basi nikamwuliza Rukia breki za karavani zikoje. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Zilikuwa zimeshika kutu zinang'ang'ania, fundi amezifunga kwa waya zisisumbue."

Baba, Karisa ni fundi hodari wa milango na madirisha ya chuma, na geti letu ni kazi yake, halijalegea hata leo. Lakini amezifunga breki kwa waya, na kile chuma cha kufungia amekichomelea kwenye bampa. Bampa si mfupa wa gari, ni ngozi tu. Wewe unajua hilo kuliko mimi.

Sasa nije kwenye nazi. Rukia anasema magunia mawili ya nazi yako ndani tayari, na madumu ya mafuta, na mchele, na maembe, vyote vimepangwa nyuma kabisa chini ya kitanda ili mbele pabaki nafasi ya kupita. Nimecheka, nisameheni. Mnapeleka nazi Vanga, kwenye minazi yake. Lakini naelewa, mkono mtupu haulambwi, na Mama hawezi kuingia kwa dada yake mgonjwa baada ya miaka mitatu akiwa na mkoba tu. Hata huku nikialikwa chai hubeba kitu, wenyeji wakanishangaa. Ila mzigo ukiwa nyuma ya magurudumu, mkia unashuka na ule mkono wa mbele, unaokalia kile chuma nyuma ya gari, unanyanyuka. Karavani ikinyanyua mbele inakuwa haina adabu. Upepo kidogo tu, au lori likikupita kwa kasi, mkia unaanza kwenda kulia na kushoto. Mara ya kwanza kidogo. Mara ya pili zaidi. Mara ya tatu inalitikisa gari zima, na dereva akikanyaga breki ndipo anapoimaliza kazi, vyote vinapinduka.

Ifikirie njia yako. Ukishuka kuelekea daraja la Kilifi, mteremko unakusukuma mgongoni na upepo wa kusi unakuja ubavuni, na nyuma kuna basi lenye haraka. Huko mbele, ama feri ya Likoni na ile miteremko yake ya kuingilia, ama uzunguke Dongo Kundu ambako upepo haujui kizuizi. Na ndani ya hiyo karavani, juu ya hicho kitanda, juu ya hizo nazi, amelala Mama. Hana mkanda. Hawezi kukupigia kelele ukamsikia. Huku kwetu ni marufuku kiumbe chochote kukaa ndani ya karavani inayotembea, hata paka. Kuta zake ni mbao nyembamba na bati kama la sufuria. Nimeziona zilizoanguka. Hazibonyei kama gari, zinafunguka.

Nimesema nimeziona. Niseme yote sasa, maana sijamwambia mtu hata mmoja, na nimelibeba hili mwaka mzima na zaidi.

Alikuja uwanjani mzee mmoja na mkewe. Mzee mrefu, mkaidi kidogo, mcheshi, kofia yake ameivaa upande kama wewe. Walichagua karavani kubwa kwa sababu ya kitanda, kwani mkewe alikuwa na maumivu ya mgongo. Nilipoiweka kwenye mizani na vitu vyao vyote ndani, ilizidi. Si sana. Na uzito ulikuwa nyuma, walikuwa wamejaza maji na jenereta huko mkiani. Nilimweleza kwa upole kuwa afadhali achukue ile ndogo, au apunguze mzigo. Akanitazama akatabasamu, akasema, "Binti, mimi naendesha magari tangu hujazaliwa."

Basi. Hilo tu. Nikainamisha macho.

Baba, ningekuwa Mzungu ningebishana naye. Wenzangu hapa hubishana na wateja wa umri wowote, humnyima mtu ufunguo, na mambo yakaisha. Mimi niliona nywele nyeupe, nikasikia sauti ya mtu mzima, na kila nililofunzwa nyumbani likanishika ulimi: mkubwa hakosolewi mbele ya mkewe. Nikaona ni utovu wa adabu kumwambia neno mara ya pili. Nikajaza fomu. Mahali palipoandikwa kama mteja ameonywa na amekubali kupunguza mzigo, nikaweka alama ya ndiyo. Mkewe akanipa chupa ya jamu ya machungwa aliyoipika mwenyewe, akanibusu shavuni, wakaondoka.

Siku ya tatu, kwenye mteremko, lori liliwapita. Mzee alitoka mzima. Mkewe hakutoka.

Bosi wetu, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, aliniita akaniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. Na ni kweli nilimwambia, mara moja, kwa sauti ndogo, nikitazama chini. Hakuna aliyenilaumu. Mzee mwenyewe alikuja baadaye kuchukua vitu vyake, akaniona pale kwenye mizani, akasema, "Ulijaribu kuniambia, binti." Natamani angenitukana. Ile chupa ya jamu iko kabatini, sijaifungua na siwezi kuitupa.

Ndiyo sababu Jumapili uliponikatia simu sikulala juu ya jambo hili na kusema shauri yake. Nilinyamaza mara moja kwa ajili ya heshima, na heshima hiyo ikamzika mwanamke asiyenikosea kitu. Leo nakukosea adabu kwa makusudi, Baba, tena mbele ya Mama anayesoma kwa sauti. Ukiona inafaa kunikaripia, nikaripie. Nitapokea. Lakini kwanza tujibizane juu ya karavani.

Hiyo ya Shella iacheni. Wala usiseme utaipunguzia nazi, maana hata tupu inalizidi gari. Rukia amenionyesha ile nyingine mliyoiona Kilifi mkaidharau, ile fupi ya rangi ya maziwa, ambayo ulisema inafanana na banda la kuku. Baba, lichukue hilo banda la kuku. Kibati chake kinasema kilo mia nne na themanini tupu, mia saba ikijaa, na breki zake zinafanya kazi, nimemwambia Rukia azijaribu na akazijaribu. Ina kitanda kimoja, choo kidogo nyuma ya pazia, na mahali pa kuweka jiko. Mama anahitaji nini zaidi? Anahitaji pa kujinyosha kila baada ya saa moja na pa kujisitiri bila kuchuchumaa. Hayo mawili yamo. Wewe utalala nje kwenye mkeka, mbona ulilala chini ya lori miaka thelathini ukitusimulia kwa fahari.

Njiani Mama akae mbele karibu yako, kiti kimelazwa, mto chini ya nyonga, mkanda umefungwa. Mkifika Takaungu simameni, afungue mlango, apande, ajinyoshe. Mtwapa vivyo hivyo. Mtachelewa kufika, na mtafika. Karisa akate kile chuma alichochomelea, akifunge upya kwa bolti kwenye fremu yenyewe chini ya gari. Mzigo mzito ukae juu ya magurudumu ya karavani, sakafuni, si mkiani. Gunia moja la nazi linatosha, na hilo nalo ni kwa ajili ya desturi.

Mimi nami sikumtuma Salma mikono mitupu. Kwenye mkoba wake, ndani ya kanga niliyomwekea Mama, kuna kitu cha chuma kama kopo la maziwa ya unga. Ni mizani. Ukishafunga mizigo yote, na kabla hujaifunga karavani kwenye gari, kiweke chini ya ule mkono wa mbele ukikalie. Mshale ukisimama kati ya kilo hamsini na sabini, nenda na Mungu. Ukiwa chini ya hapo, mzigo uko nyuma mno, usogeze mbele. Wewe mwenyewe uliniambia mizani haina jamaa. Hata mimi usiniamini, iamini hiyo.

Nisalimieni Rukia, mdogo wangu mwenye sauti ya redio, mwambieni asinikasirikie kwa kumfanya mpelelezi wangu. Nisalimieni shangazi Mwanajuma wa Ngomeni, na fundi Karisa mwambieni simdharau, geti letu namshukuru kila siku. Mkifika Vanga, mshikeni mkono mama mkubwa Bi Fatuma kwa niaba yangu, mwambieni Zuhura amemletea mdogo wake.

Nimalizie na jambo moja. Baba, katika yote haya hakuna aliyemwuliza Mama. Rukia hakumwuliza, mimi sikumwuliza, na wewe ulimwamulia kwa mapenzi, najua. Mama hatakuambia kuwa anaogopa kulala ndani ya kile chumba kinachovutwa. Mimi adabu ya kunyamaza sikuiokota njiani, nilifunzwa naye. Amekaa na wewe miaka arubaini na mbili na sijamsikia hata siku moja akikukatalia mbele yetu.

Sasa hivi anasoma mstari huu. Ikiwa sauti yake imekatika, usimhimize aendelee, Baba. Weka kahawa chini umtazame. Hicho kimya ndilo jibu lake.

Mwanao akupendaye, aliyevunja adabu mara moja tu,
Zuhura